Chakula cha mbwa: kibichi au kilichokaushwa? Piga hesabu kabla hujanunua friza



Kuna swali halikauki inbox: "Nataka kuuza chakula cha mbwa mtandaoni. Nianze na nyama mbichi ya kugandisha au iliyokaushwa?" Mimi niko kwenye biashara hii hapa Dar, kwa hiyo leo natoa msimamo wangu wazi, halafu wewe upime na hali yako.

Kwa mwenye mtaji mdogo nasema hivi: anza na iliyokaushwa, na uikaushe baada ya kuipika. Nyama mbichi iache mpaka uwe na friza ya biashara peke yake, namna ya kuvuka siku umeme ukikatika, na wateja walio eneo moja.

Tuitendee haki mbichi kwanza, maana ina utamu wake. Inauzika kwa wingi. Wanaolisha mbwa nyama mbichi hupimia kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa kwa siku. Mbwa wa kilo 25 atakula nusu kilo mpaka robo tatu kila siku. Kwa mwezi hizo ni kilo 15 hadi 22 kwa mbwa mmoja! Mteja wa hivyo watano tu, una oda ya kudumu. Na wanunuzi wapo. Tangu daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, atoe kitabu chake mwaka 1993 kuhusu kulisha mbwa mifupa na vyakula vibichi, wazo hilo limezunguka dunia. Mteja aliyelisoma mtandaoni anakuja akijua anachotaka, wala hana haja ya kubembelezwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Hizi bei ni za mfano, weka za sokoni kwako.

Tuseme umenunua mapafu ya ng'ombe kilo 10 kwa 4,000 kila kilo. Umetoa 40,000. Ukiuza mabichi kwa 5,500, unabaki na 15,000. Hapo bado umeme wa friza, barafu na mifuko. Na mzigo huo hauwezi kumsubiri bodaboda aliyekwama foleni ya Mwenge saa 8 mchana. Umeme ukikatika siku mbili, siyo faida tu iliyoondoka, mtaji wote umeoza.

Ukiyakausha, maji yanatoka. Mapafu ni maji karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo 10 zinakuachia kama kilo 2, yaani pakiti 20 za gramu 100. Kila pakiti ina mapafu ya 2,000. Weka 1,200 ya umeme au gesi, pakiti na lebo, inafika 3,200. Ukiuza 5,000 unabaki na 1,800 kwa pakiti, jumla 36,000. Mzigo ule ule, faida zaidi ya mara mbili, na unaweza kuupandisha basi kwenda Dodoma au Mwanza bila presha.

Ubaya wake ni kwamba pakiti moja inakaa kwa mteja wiki mbili au zaidi, kwa hiyo lazima utafute wateja wengi. Lakini sisi wa mtandaoni ndiyo kazi yetu hiyo. Duka letu halina mtaa.

Nikiishia kwenye faida nitakuwa nimewadanganya. Kubwa zaidi ni usalama, wa mbwa na wa watu wanaoishi naye.

FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipima vyakula vya wanyama kati ya 2010 na 2012. Kwenye sampuli 196 za vyakula vibichi, 15 zilikuwa na salmonela na 32 zilikuwa na listeria. Hizo ni bidhaa za nchi yenye magari ya baridi mpaka mlangoni kwa mteja. Sisi nyama yetu inapanda pikipiki juani. Na usidanganywe na friza: kugandisha kunawalaza bakteria, hakuwaui. Nyama ikiyeyuka wanaamka na kuendelea na kazi.

Kuna watakaosema, "Mbona mbwa wa machinjioni wanakula mabichi kila siku na hawafi?" Ni kweli hawafi. Ila wanabeba. Kuna tegu mdogo sana anayeishi tumboni mwa mbwa. Mbwa humpata kwa kula mapafu au maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya minyoo hiyo. Mbwa mwenyewe anaonekana mzima kabisa, lakini mayai yanatoka kwenye kinyesi chake. Mtu akiyameza, taratibu anaota uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu, na mara nyingi suluhisho ni upasuaji. Ugonjwa huu unajulikana sana kule Turkana, Kenya, ambako watu na mbwa wanaishi karibu mno. Sasa fikiria mteja wako ana mtoto wa miaka mitatu anayecheza na mbwa uani. Yeye amekuamini kwa picha tu, hajui nyama umeitoa wapi.

Ndiyo maana nasema ipikwe kwanza. Kukausha peke yake hakutoshi, na hapa wauzaji wengi wa iliyokaushwa wanajisahau. Joto dogo linatoa maji lakini bakteria wanabaki hai, wanasubiri. Fanya hivi:

1. Nunua nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri. Mapafu au maini yenye vifuko vya maji usiyachukue hata ukipewa bure.
2. Chemsha mpaka ndani ifike nyuzi 71 kwa ng'ombe na mbuzi, 74 kwa kuku. Kipimajoto cha nyama si anasa, ni kitendea kazi.
3. Usitie chumvi wala viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa.
4. Kausha kwenye oveni au mashine. Jua la Dar lina unyevu wa bahari na nzi, na msimu wa masika ndiyo usijaribu kabisa.
5. Acha ipoe vizuri ndipo ufunge. Ukifunga ya moto, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti na ukungu unaota.
6. Weka pakiti moja kutoka kila mzigo kwako. Ikiota ukungu kabla ya tarehe uliyoandika, utajua mapema na utawapigia wateja.

Lingine ni maneno unayoyatumia kwenye tangazo. Mapafu makavu ni kitafunio cha mbwa, si mlo kamili. Usiandike "chakula kamili" ili upandishe bei. Nyama tupu ina kalsiamu kidogo sana, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama peke yake mifupa yake inadhoofika. Madaktari wengi wa mifugo hushauri vitafunio visizidi asilimia 10 ya anachokula mbwa kwa siku. Mwambie mteja hivyo hivyo. Utaona kama unajipunguzia mauzo, lakini mteja aliyeambiwa ukweli ndiye anayeleta na jirani.

Kwenye lebo andika kwa herufi kubwa: CHAKULA CHA MBWA, SI CHA BINADAMU. Nyama kavu inafanana na ya watu, na kuna nyumba ambazo jambo hili ni zito kwa imani pia. Mwambie na bodaboda amebeba nini, asichanganye na mizigo ya chakula cha watu. Na kabla hujachapa lebo 500, pita kwa ofisa mifugo wa wilaya yako na TBS uulize vibali unavyohitaji.

Kama bado moyo wako uko kwenye mbichi, sikukatazi. Uza kwa oda iliyolipiwa tu, siku moja kwa wiki, mtaa mmoja, kwenye boksi lenye barafu. Usiweke akiba ya mapafu na maini mabichi. Mwandikie mteja aoshe mikono, bakuli na kisu kwa sabuni, na asiwaache watoto waishike. Mteja akisema kwake kuna mzee mgonjwa, mjamzito au mtoto mchanga, muuzie iliyopikwa. Akikataa, acha hela yake iende.

Haya ni maoni yangu, na najua humu kuna wanaouza mbichi na mambo yanaenda. Karibuni kwenye komenti mtuambie mnavuka vipi umeme ukikatika na mnasafirishaje. Anayeanza atajifunza kwenu wote, ila kabla ya yote akae chini apige hesabu yake kwa bei za soko lake.