Mashine Haitujuzi Tusichokijua

Siku hizi mwanafunzi wa Kwamndolwa, wilayani Korogwe, akiwa na simu anaweza kuiuliza akili mnemba juu ya kilimo cha mkonge, akapata insha nzima kabla chai haijapoa. Wapo wanaoyaita hayo maendeleo. Ndugu walimu, tujihadhari.

Mashine kama ChatGPT, iliyotolewa mwaka 2022, hupanga maneno kwa kukisia lipi hufuata lipi, kutokana na maandishi mengi iliyolishwa. Ikikosea, husema kwa ufasaha uleule. Na hata ikipatia, haiwezi kumfanyia mwanafunzi kazi ya kujihoji: nimeelewa nini, na wapi nimekariri tu?

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alidai shule zijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukataa au kurekebisha yasiyotufaa. Ni dhahiri kwamba asiyejua mipaka ya ujuzi wake hana cha kukataa wala cha kurekebisha.

Kuipiga marufuku mashine hakutoshi. Kabla ya kuuliza, mwanafunzi aandike kwa mkono anachokijua na anachokitilia shaka. Akijibiwa, aende shambani, alinganishe jibu na mkonge wenyewe na maneno ya wakataji. Kisha alieleze darasa alikokosea yeye na ilikokosea mashine. Alama zitolewe kwa maelezo hayo, si kwa insha.

Taifa lililokataa kufikiriwa na wakoloni haliwezi kukubali kufikiriwa na mashine.