Soma masharti kabla ya kumwaga zege

Ugomvi wa majirani mjini siku hizi hauletwi na kuku wala watoto. Huletwa na mchanga. Lori linamwaga mchanga kwenye ploti, mafundi wanafika, na baada ya miezi michache jirani wa nyuma anagundua kwamba jengo aliloambiwa litakuwa la ghorofa nne linaelekea la saba. Jikoni kwake hakuingii jua tena. Akienda kuuliza, mwenye ploti anamtolea karatasi yenye muhuri wa kaunti na kumwambia, “Mimi nina kibali!”

Ni kweli anacho. Tatizo ni kwamba wengi wetu husoma muhuri na kuuacha ukurasa wa masharti.

Sheria inayotumika humu nchini ni ile ya mwaka wa 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Chini yake, kaunti inaweza kulikubali ombi lako, kulikataa, au kulikubali kwa masharti. Masharti hayo huwa kama vile idadi ya ghorofa, nafasi ya kuacha kati yako na barabara au mpaka wa jirani, mahali pa kuegesha magari, na maji taka yatakakopitia. Ukiyavunja, kaunti inaweza kukufutia kibali chenyewe. Basi aliyeidhinishiwa ghorofa nne akajenga saba, hana kibali cha zile tatu za juu, hata akiitundika karatasi yake mlangoni.

Mwenye nyumba naye ana kilio chake. Pengine ametia hapo malipo yake yote ya uzeeni, na mkopo wa benki haungojei. Pengine anaagizwa kutenga nafasi ya magari kumi, na wapangaji anaowatarajia ni watu wa matatu na miguu. Sharti laweza kuwa gumu, hata la kuonea. Lakini dawa yake si kumwaga zege usiku na Jumapili, wakati maafisa wako makwao.

Sheria imempa njia. Asiporidhika na uamuzi wa kaunti, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi. Kamati hiyo nayo inatakiwa kuamua katika siku 14. Asiporidhika bado, aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jirani anayeathirika ana haki hiyo hiyo, na sheria inamtaka anayeomba kibali kuutangazia umma anachokusudia kujenga. Kwa hivyo ukiona tangazo la ujenzi karibu nawe, lisome siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka nguzo zisimame, siku zako 14 zitakuwa zimekwisha.

Na ikiwa ujenzi umekwisha kuvuka mpaka? Hapo kaunti hutoa ilani, ikieleza kosa, hatua za kulirekebisha na muda wa kufanya hivyo. Kuna siku 14 za kuipinga ilani pia. Anayeipuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Wapo watakaokuambia kwamba mambo haya humalizwa kwa “kitu kidogo”. Mwulize anayekushauri hivyo swali moja: risiti ya kitu kidogo iko wapi? Afisa huhamishwa, faili hubaki. Atakayekuja baada yake ataifungua, ahesabu ghorofa, na kukuta masharti ni yale yale. Umelipa, na bado X nyekundu itachorwa ukutani kwako.

Usidhani, msomaji, kwamba hili ni jambo la matajiri na mawakili wao. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katikati ya mvua kubwa, jengo la kupangisha lilianguka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Waliokuwa wamelala mle hawakuchora ramani wala kuomba kibali. Walikuwa wamelipa kodi tu. Nenda pia Pipeline, kule Embakasi, uone majengo yalivyosongamana hata watoto wanasoma kwa taa saa sita za mchana. Kila nafasi iliyoachwa kwenye ramani ikajengwa uwanjani, kuna mtu aliyenyang’anywa hewa.

Kwa hivyo wewe mwanafunzi unayetafuta chumba, na wewe mzazi unayehamisha familia, kabla ya kutoa deposti ulizeni: jengo hili liliidhinishwa ghorofa ngapi? Kisha simameni barabarani mhesabu. Mwenye nyumba mwaminifu hatakasirika.

Nawe unayejenga, kumbuka kwamba uliposaini yale masharti ulimwahidi jirani jua na mpangaji usalama. Ahadi ni deni. Kama deni ni zito, lipinge mapema kwa kalamu, maana zege likishakauka, kinachobaki ni nyundo.