KIWANJA CHA UMMA SI MALI YA MTU



Wengi katika sisi tuna jamaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Huko ndiko wafanya biashara wetu wanunuako bidhaa, na huko ndiko vijana wetu waendako kutafuta riziki. Msiba wa Kariakoo ni msiba wetu, na hatuna budi kuusema.

Mitaa ile ilijengwa kwa nyumba za chini: mbele baraza, kati ukumbi na vyumba, nyuma ua. Uani ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa, na watoto walikocheza. Nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa moja baada ya moja, na mahala pake pakasimama maghorofa yaliyojaza kiwanja kizima, ukuta kwa ukuta. Hatupingi ghorofa, maana watu wameongezeka na biashara imekua. Tunalolipinga ni kujenga pasipo kubakisha pa kuvuta pumzi, na pasipo mkaguzi mwenye insafu.

Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024 likaanguka jingine, Kariakoo yenyewe, juu ya watu waliokuwa wakitafuta chumo lao, na waliokufa wakapindukia 20. Baina ya msiba na msiba ilipita miaka 11. Je, haikutosha kukagua majengo ya mji ule?

Tazameni na Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha wazi ukanda ule ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi. Nia yao ilikuwa ni dhulma, lakini ardhi ilibaki. Umma ukaifanya yake, na hapo TANU ikahutubia watu kudai uhuru. Ikiwa mkoloni, kwa ubaya wake, alituachia kiwanja, yawaje Serikali yetu wenyewe ituachie pungufu ya hapo?

Huko bonde la Msimbazi, hatua chache kutoka sokoni, maji yalikuwa na njia yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Hata hivyo kituo kikuu cha mabasi ya mwendo kasi kilijengwa Jangwani, bondeni hasa, na mafuriko yakakiingilia mara kwa mara. Maskini akijenga bondeni huvunjiwa. Mkubwa akijenga, nani humuuliza?

Twataka mambo matatu. Orodha ya viwanja vya wazi ibandikwe kila mtaa. Kibali cha kila jengo kionekane ukutani, pamoja na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Na aliyetia saini kibali cha dhulma ajibu mbele ya sheria, si fundi peke yake.

Nasi Unguja tunayo Mnazi Mmoja yetu, na maghorofa yameanza kutuzunguka. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.