Shahidi wa Uongo na Vita vya Iraki



Wapo wasemao kwamba vita vya Iraki vya mwaka 2003 vilitokana na kosa la bahati mbaya: wakuu wa Marekani na Uingereza walipotoshwa na habari za wapelelezi wao, basi tuwasamehe na kusahau. Kusamehe ni wajibu wetu. Kusahau tunakataa. Aonywaye akaziba masikio hakukosea, amechagua.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwezi Novemba 2002 wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, chini ya Hans Blix, walirudi Iraki. Walikagua mamia ya mahali, wasione ghala lolote la silaha za maangamizi. Hata hivyo, tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alilihakikishia Baraza la Usalama kwamba silaha hizo zipo. Hata bara letu liliingizwa katika madai ya kuhalalisha vita: ilidaiwa kwamba Iraki ilitafuta urani nchini Niger. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, alilieleza Baraza hilohilo kwamba hati za madai hayo hazikuwa halali. Siku hiyo Blix alisema kazi iliyobaki ilihitaji miezi tu. Haikungojwa. Baada ya siku 13 mabomu yaliangukia Baghdad.

Mwaka 2004 wachunguzi waliotumwa na Marekani yenyewe walikiri kwamba akiba ya silaha hizo haikuwapo. Mwaka 2016 tume rasmi ya Uingereza ilitamka kwamba njia za amani hazikuwa zimekwisha vita vilipoanza. Ukweli ulikuja, lakini raia zaidi ya laki moja walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Hatumtetei Saddam Hussein. Gesi yake ya sumu iliua maelfu ya Wakurdi huko Halabja mwaka 1988. Lakini uovu wa jana si uthibitisho wa silaha ya leo. Atakaye kuua ndiye mwenye deni la ushahidi. Aombaye amani hadaiwi kitu.

Kanisa hufundisha kwamba hata vita vya kujilinda havihalalishwi ila madhara ya mshambuliaji yawe ya hakika, na njia nyingine zote ziwe zimeshindikana. Ndiyo sababu Machi 2003 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi mpaka Washington kumsihi Rais George W. Bush. Hakusikilizwa.

Viongozi wa walei, amri ya kutoua na amri ya kutoshuhudia uongo hazitengani: ulimi hutangulia, bunduki hufuata. Kila tunapoambiwa kwamba kuna adui wa kushambuliwa, awe taifa la mbali au kabila jirani, tuulize katika jumuiya zetu: Ushahidi uko wapi? Nani ameukagua? Njia gani ya amani haijajaribiwa? Tukinyamaza mbele ya shahidi wa uongo, tumetia sahihi chini ya maneno yake.