Land Rover za Zamani na Injini za Kigeni

Yako mambo yanayotendeka mbele ya macho yetu kila siku, nasi tukayapita kana kwamba hayapo. Mojawapo ni kazi ya mafundi wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaozifufua Land Rover za zamani katika nyua za nyumba zao, kwa kuzitoa injini zilizokufa na kuzitia nyingine za Toyota, Nissan au Isuzu. Kazi hiyo haina ofisi wala bango, na aghalabu haina hata paa zaidi ya kivuli cha mwembe. Hata hivyo ndiyo inayofikisha viroba vya mawe ya dhahabu kwenye makarasha, na mgonjwa hospitalini wakati wa masika, pale ambapo gari dogo halithubutu kuiacha lami. Twaona wakati umewadia kwa wenye mamlaka kuitazama kwa jicho jingine, lisilokuwa lile la kamata kamata.

Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa adimu. Basi waundaji wakalitia bodi ya aluminiamu juu ya chasi ya chuma. Dhiki yao imekuwa neema yetu. Bodi ya aluminiamu hailiwi na kutu kama bati, na chasi ikiliwa, huchomelewa kiraka. Vipande karibu vyote vimefungwa kwa nati na bolti, hata mtu mwenye spana chache na subira nyingi aweza kulifungua lote na kulirudisha. Katika nchi ya Wasukuma likawa gari la mabwana shamba wa pamba, la mabwana afya, na la watafiti wa madini, katika miaka ambayo almasi ya Mwadui, aliyoigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940, ilikuwa imeitangaza Shinyanga duniani. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Hapo katikati wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba, wala Land Rover hazikuacha kuwabeba.

Inayojulikana zaidi huku ni ile iitwayo 109, yaani yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ambazo ni karibu mita 2.8. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ilikuwa ya uaminifu lakini si ya kujinyima: gari likipakia mzigo na kuingia mchangani, petroli humwagika kama maji ya mtungi uliotoboka. Spea zake za asili zimekuwa za kutafutwa kwa tochi. Kwa upande mwingine, injini za dizeli zilizotumika Japani huletwa nchini kwa makontena, na kwa fedha ambazo hazitoshi hata robo ya bei ya Land Cruiser, mwananchi hupata injini nzima. Hapo hapahitaji mchumi kueleza kwa nini watu hufanya wanavyofanya.

Tulipata kuitazama kazi hiyo katika ua mmoja pale Katoro, mkoani Geita. Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, aliyefundishwa na mjomba wake. Injini ilining'inia kwa mnyororo kwenye magogo matatu yaliyosimamishwa kama mafiga, na mtu asiyejua angedhani kilichobaki ni kuishusha tu. La hasha. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima, na alipima kwa siku mbili. Giaboksi ya Land Rover haitupwi ovyo, kwani nyuma yake ndiko lilikofungwa sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukiling'oa bila kuwa na badala yake, umelipokonya gari miguu miwili. Basi hapana budi ichongwe sahani nene ya chuma, yenye matundu ya kuafiki injini ya Kijapani upande mmoja na giaboksi ya Kiingereza upande wa pili. Sahani hiyo hupelekwa kwa mkereza vyuma mjini. Ncha ya shafti ya giaboksi huingia katika kibushi kidogo katikati ya flaiwili. Kitovu cha sahani kikienda upande kwa kiasi cha unywele, klachi italika kabla ya wakati wake, beringi italia, na siku moja shafti itakatika mlimani gari likiwa na mzigo.

Yakiisha hayo, huja mengine. Sampu ya mafuta hugonga ekseli ya mbele springi zikibonyea, basi hukatwa na kuchomelewa upya kwa umbo jingine. Injini ikiinuliwa kulikwepa hilo, boneti haifungi. Umeme nao una fitina zake, kwani baadhi ya injini hizo zilitoka katika magari ya volti 24 ilhali gari ni la volti 12. Kijana huyo alichukua miezi minne, na kwa haki yake tuseme kwamba mingi ya miezi hiyo ilipita akimngoja mwenye gari alete fedha. Alipoliwasha, nusu ya mtaa walikuwa wamekwisha kusimama ukutani kutazama.

Huu ni uhandisi, ingawa anayeutenda hana cheti cha kuning'iniza ukutani.

Lakini sifa hizi zisitufumbe macho. Kuna hatari ambayo mafundi wengi hawaijui, na wamiliki hawaiulizi. Baadhi ya Land Rover hizi zina busta ya kumsaidia dereva kukanyaga breki, na busta hiyo hufanya kazi kwa ombwe, yaani mvuto wa hewa unaotoka katika njia ya hewa ya injini ya petroli. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto huo. Ndiyo maana Wajapani huifungia pampu yake, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya altaneta. Sasa, injini ikinunuliwa bila altaneta yake ya asili, kwa sababu kuna aliyekwisha kuinyofoa na kuiuza kwingine, fundi naye akafunga altaneta yoyote aliyonayo, gari litawaka, litavuta, litasifiwa, na breki itakuwa ngumu kama jiwe. Abiria kumi na wawili waliokalia viroba nyuma hawatajua habari hiyo mpaka kwenye mteremko.

Hatari ya pili ni tamaa ya nguvu. Injini ya zamani ilitoa nguvu za farasi kama 70 hivi, na giaboksi na ekseli viliundwa kwa kadiri hiyo. Injini ya Toyota ya lita 4.2 hutoa karibu 130. Vijana huipenda kwa mngurumo wake. Shafti za nyuma haziipendi, nayo huongeza uzito mkubwa juu ya springi za mbele. Fundi mwenye busara huchagua injini ya lita mbili na nusu au karibu ya tatu na kumwambia mteja ukweli. Asiye na busara hupokea fedha.

Serikali ifanye nini basi? Wapo watakaosema magari haya yapigwe marufuku, watu wanunue mapya. Hao tunawaomba waeleze mapya hayo yatanunuliwa kwa fedha ya nani. Gari jipya la kazi ngumu si bei ya mchimbaji mdogo wa Nyarugusu wala ya kikundi cha wakulima wa Kishapu, na gari lililotumika linapoagizwa kutoka ng'ambo likiwa limezidi miaka minane, hutozwa ushuru wa ziada. Marufuku ingeyasukuma magari haya vichakani, yakatembea usiku bila taa, na mafundi wakazidi kujificha.

Tatizo halisi tunaliona katika kadi ya gari. Kadi huandikwa namba ya chasi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, namba ya pili haiafiki tena, na mwenye gari akisimamishwa barabarani huonekana kama mwizi. Njia ya kurekebisha ipo kwa mujibu wa sheria, lakini ni ya safari nyingi, nakala nyingi, na njoo kesho nyingi. Wengi hukata tamaa na kuchagua kuishi kwa kubahatisha. Ukaguzi wa usalama nao hukosekana palepale, kwa kuwa mtu anayeogopa kuulizwa juu ya namba hawezi kulipeleka gari kwa hiari yake likatazamwe breki. Kwa hiyo woga wa karatasi umezaa hatari ya roho za watu.

Tunashauri kila wilaya iwe na siku moja ya mwezi inayojulikana, ambayo mkaguzi wa magari wa polisi na afisa wa mapato watakaa mahali pamoja. Mwenye gari aje na stakabadhi ya injini aliyonunua na barua ya fundi aliyeifunga, yenye jina na sahihi yake. Mkaguzi atazame breki kwanza, hasa hiyo pampu ya ombwe tuliyoieleza, kisha mauntingi, stelingi na taa. Likifaulu, namba iandikwe siku hiyo hiyo. Jina la fundi likiwa katika faili, fundi atakaza nati zake kwa uangalifu zaidi, na mzembe atajulikana.

Hapa tuwakumbuke ndugu zetu wa visiwani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na msafiri wa Geita kwenda Mwanza hangojei tena foleni ya kivuko. Lakini Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome bado ni nchi za vivuko na mitumbwi. Gari likikatika shafti Ukara halikokotwi hadi gereji ya mjini. Hukaa hapo lilipolala. Kwa hiyo kisiwani fundi wa uani ndiye gereji ya kwanza na ya mwisho. Watu wa visiwa hawahitaji kufundishwa na mtu wa bara thamani ya chombo kukaguliwa: wao ndio waliozika wenzao zaidi ya 220 baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Siku ya ukaguzi tunayoipendekeza isiishie Geita mjini na Kahama. Mkaguzi apande kivuko afike Nansio, na siku nyingine avuke kutoka Nyakalilo hadi Kome, kwani kumwambia mtu wa Kome alipandishe gari kivukoni ili liandikwe namba ni sawa na kumwambia asije.

Lipo na jambo la magari ya Serikali yenyewe. Pita katika yadi nyingi za halmashauri na idara, utayaona yamepangwa, magurudumu yamekwisha upepo, nyasi zimeota hadi kwenye viti. Yalipoegeshwa yalikuwa na giaboksi nzima na difu nzima. Taratibu za kufuta mali chakavu na kuipiga mnada ni za lazima, hatuzipingi, lakini zikichukua miaka mingi, kinachouzwa mwishoni ni chuma chakavu na kiota cha nyuki. Mnada ufanywe mapema na mikoani, na kadi zikabidhiwe siku ya malipo. Machache yasiuzwe kabisa: yapelekwe vyuo vya ufundi stadi vya VETA, wanafunzi wayafungue na kuyafunga. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingeweza kuchonga sahani za kuunganishia kwa vipimo vya kuaminika, ili kila fundi wa Katoro na Kahama asianze kupima upya kana kwamba yeye ni wa kwanza duniani. Nchi hii si ngeni kwa mambo hayo. Nyumbu, kule Kibaha, tangu miaka ya themanini wanajeshi na wahandisi wetu walishughulika na kuunda lori kamili.

Oktoba 2024 jijini Arusha zilikusanywa Land Rover nyingi katika tamasha, zikapita barabarani kwa msafara, na viongozi wakashangilia. Ulikuwa mkutano wa kupendeza. Sehemu yake kubwa, boneti zikifunuliwa, zingeonesha injini ambazo Mwingereza hakuzitia. Waliozishangilia Arusha ndio wale wale ambao afisa wao, huku kwetu, humrudisha nyumbani fundi aliyeileta barua yake mkononi. Mvua za vuli zikianza, barabara za machimboni zitafunga tena, na magari hayo yatakuwa njiani, yakiwa yamekaguliwa au hayakukaguliwa.