Makofi si Sheria

Jioni, bendera ikisha kushushwa na kazi za mchana kwisha, askari wengi hukusanyika katika mesi kutazama televisheni. Hilo ni jambo jema, kwa maana mtu aliyelinda zamu usiku kucha anastahili kupumzika na kucheka pamoja na wenzake. Lakini miongoni mwa vipindi vinavyopendwa sana siku hizi mna vile viitwavyo michezo ya maisha halisi, ambamo watu wa kawaida hufungiwa pamoja, hushindanishwa, hugombanishwa na kufukuzwa mmoja mmoja mbele ya macho ya mamilioni. Juu ya michezo hiyo tunalo neno la kuwaambia maofisa na askari wetu, na twaomba lisikilizwe kwa makini, kwa kuwa linagusa kiapo tulichoapa sote.

Mwezi Machi mwaka 2010, kituo cha France 2 cha televisheni ya taifa ya Ufaransa kilionyesha filamu iliyoitwa Le Jeu de la mort, yaani Mchezo wa Mauti. Watengenezaji wake walikuwa wamewaalika watu wapatao 80 kushiriki katika jaribio la mchezo mpya. Kila mmoja aliwekwa mbele ya safu ya swichi na kuelezwa kazi yake, nayo ilikuwa kumwuliza maswali mchezaji mwenzake aliyefungiwa katika chumba kidogo, na kumpiga shoti ya umeme kila akosapo jibu, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi volti 460. Mtu yule akapiga kelele, akaomba atolewe, na mwishowe akanyamaza kimya. Swichi zikaendelea kushushwa. Takriban wachezaji wanne katika kila watano walifika mwisho wa safu.

Umeme wenyewe haukuwapo, na yule aliyekuwa akilia alikuwa mwigizaji. Lakini wachezaji hawakuambiwa hivyo mpaka mchezo ulipokwisha. Wala hawakuwa wahalifu waliookotwa mitaani. Walikuwa raia wa kawaida, waume kwa wake. Tena hawakusukumwa na tamaa ya fedha, kwani waliarifiwa mapema kwamba hilo lilikuwa jaribio tu na hapakuwa na zawadi ya ushindi. Ni kitu gani basi kilichoutawala mkono wa mtu mwema hata akamtesa mtu asiyemjua, asiyemkosea lolote?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza majaribio ya namna hiyohiyo. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450 kwa sababu tu mtu aliyevaa koti la maabara aliwaambia waendelee. Wafaransa walichukua jaribio lile, wakamwondoa mtu wa maabara, wakamweka mtangazaji mwenye kipaza sauti. Mtangazaji hana cheo, hana mahakama, wala hawezi kumpeleka mtu mahabusu. Hata hivyo alitiiwa.

Tukilichunguza jambo hili kwa jicho la kiaskari, twaona nguvu nne zilizofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni sauti ya mtangazaji, iliyomhakikishia mchezaji kwamba lawama zote zingebebwa na wenye kipindi. Ya pili ni makofi ya watazamaji ndani ya studio, waliopaza sauti wakidai adhabu. Ya tatu ni mkataba uliotiwa saini, ambao ulimfanya mtu ajione amekwisha kujifunga. Ya nne, ambayo ndiyo ya hatari kuliko zote, ni udogo wa hatua. Katika mashine ya Milgram kila swichi iliizidi iliyotangulia kwa volti 15 tu. Hakuna aliyeombwa kumwua mtu. Kila mmoja aliombwa kuongeza kidogo tu juu ya kile alichokwisha kukitenda. Wazee wetu walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sasa na tuvitazame vipindi tunavyoviona kila siku. Mchezo wa Big Brother ulianza Uholanzi mwaka 1999, nao ulifika barani Afrika mwaka 2003, ambapo vijana 12 kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, waliingia katika nyumba moja huko Afrika Kusini na mshindi akapatikana baada ya siku 106. Ndani ya nyumba ya namna hiyo hamna saa, gazeti, simu wala habari za ndugu. Mchezaji huitwa peke yake katika chumba kuongea na sauti isiyo na uso. Hugawiwa chakula kwa kadiri ya utii wake, na hutakiwa kuwataja wenzake wanaofaa kutolewa. Kisha saa nyingi za picha hukatwa na kuunganishwa zikawa kipindi kifupi, muziki ukatiwa, na mtu aliyekasirika kwa dakika tano katika siku nzima akaonekana ni mtu wa hasira tangu kuzaliwa.

Askari polisi aliyefunzwa kuhoji watuhumiwa atavitambua vyombo hivyo mara moja. Kumtenga mtu, kumpoteza hesabu ya saa, kumpima kwa chakula na kumgombanisha na wenzake ni mbinu za kumvunja mtu moyo. Hatusemi kwamba nyumba ya mchezo ni gereza, kwani mchezaji huingia kwa hiari yake na anaweza kuomba kutoka. Twasema tu kwamba machozi yanayopatikana kwa njia hizo yametengenezwa, kama vile ungamo la mahabusu aliyenyimwa usingizi linavyotengenezwa. Hakimu mwadilifu hulikataa ungamo la namna hiyo. Basi kwa nini sisi tuyapokee machozi hayo kwa kicheko na kuyaita maisha halisi?

Mwezi Mei mwaka 2019, kituo cha ITV cha Uingereza kilikifuta kipindi chake cha The Jeremy Kyle Show, ambamo watu walisuluhishwa ugomvi wa nyumbani mbele ya watazamaji. Mgeni mmoja alikuwa amepimwa kwa mashine ya kutambua uongo, akaambiwa hadharani kwamba amedanganya, na siku chache baadaye akakutwa amefariki. Uchunguzi wa kifo hicho uliomalizika mwaka 2024 haukuthibitisha kwamba kipindi ndicho kilichomwua, nasi hatuna haki ya kusema zaidi ya hapo. Lakini mashine ile si shahidi wa kutegemewa, na mtu hafai kuhukumiwa nayo mbele ya umati unaozomea.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Tarehe 3 Juni 2009, Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa iliamua kwamba washiriki wa mchezo mmoja wa kisiwani walikuwa wafanyakazi wenye haki za wafanyakazi, hata kama karatasi walizotia saini zilisema vinginevyo. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2021, kanuni za utangazaji zinawataka wenye vituo wawatunze washiriki wanaoweza kudhurika. Maana yake ni moja: saini ya mtu haimpi mwingine ruhusa ya kumfanyia apendavyo.

Haki yatudai tuseme pia kwamba watengenezaji wa Mchezo wa Mauti nao hawakuwa na mikono mitupu ya lawama. Ili kuonyesha ubaya wa hila, walitumia hila. Na ili kuonyesha ubaya wa kumwanika mtu, waliwaanika watu katika saa yao ya aibu. Walieleza kwamba funzo lilikuwa kubwa kuliko gharama. Hoja hiyo tunaijua vizuri, kwa sababu kila aliyepata kumpiga mahabusu aliitoa hiyohiyo mbele ya wakubwa wake.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Askari amefunzwa kutii, na jeshi lisilo na utii ni genge la watu wenye bunduki. Hatutaki hata chembe ya nidhamu hiyo ipunguzwe. Lakini amri ya kijeshi hutoka kwa mtu aliyepewa mamlaka na sheria, na haiwezi kuivuka sheria iliyoizaa. Mahakama ya Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, haikukubali kwamba mtu huepukana na hatia kwa kusema alitii mkubwa wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, wa mwaka 1984, unatamka wazi kwamba amri ya mkubwa haiwezi kutolewa kama sababu ya kuhalalisha mateso. Afande akikuambia kwamba lawama ni yake, ujue kwamba lawama haigawiki hivyo. Mkono uliopiga ni wako.

Aidha tusidhani kwamba mtu huzama katika uovu kwa ghafla. Huanza kwa kofi moja katika chumba cha mahabusu, wenzake wakacheka. Kesho huwa fimbo, na kesho kutwa ni jambo ambalo mwenyewe angeapa kwamba hawezi kulitenda. Anayetaka kusimama na asimame kwenye swichi ya kwanza, kwa sababu kila aliyoishusha humwongezea uzito wa kuishusha inayofuata.

Lipo pia jambo la kututia moyo. Milgram alipowaweka wasaidizi wawili kando ya mshiriki, na wasaidizi hao wakakataa kuendelea, washiriki 36 kati ya 40 nao walikataa kabla ya kufika mwisho. Hivyo koplo mmoja anayesema kwa adabu, afande, hili sitalifanya kwa kuwa sheria hairuhusu, huwafungulia mlango askari wote waliosimama nyuma yake wakingoja mtu wa kwanza.

Kwa hiyo twawashauri makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo wasivizime vipindi hivi katika mesi, bali wavitumie. Kikisha kipindi, sajenti na awaulize vijana wake: ni nani aliyemfanya yule dada alie, ni nani aliyepata faida kwa machozi yake, nasi tulipocheka tulikuwa upande gani? Jioni moja ya maswali ya namna hiyo yaweza kumfaa kijana siku atakapokuwa peke yake na mahabusu, mlango umefungwa, na sauti nyuma yake ikimwambia aendelee.