Tunanunua dawa ya macho kama peremende

Jumamosi jioni ukipita Lighthouse, kule Kizingo, utatukuta tumekaa ukutani karibu na wauza mihogo. Meli zinaingia Kilindini, upepo mwanana, na kila mtu mkononi ana mihogo yake iliyonyunyizwa pilipili na ndimu. Wiki iliyopita jamaa yetu mmoja akajisahau, akafikicha jicho kwa kidole chenye pilipili. Unajua kilichofuata. Makelele, machozi, na sisi wengine kucheka kama mafisi.

Ila kilichonishtua si pilipili. Kabla hata hatujatafuta maji ya kumwosha, watu watatu walikuwa washaingiza mikono mifukoni na kutoa vichupa vya dawa ya macho. Watatu, na pale tulikuwa saba tu! Mmoja alikuwa washafungua kifuniko, anamwinua mwenzake kidevu.

Nikapiga ukelele mpaka muuza madafu akageuka. Maji, jamani. Mwosheni kwa maji safi. Nyinyi hamjui mmebeba nini.

Hebu nikuulize na wewe unayesoma. Unacho kichupa kama hicho? Kwenye mkoba, kwenye tuktuk, au kwenye ile droo ya chaja na betri zilizokufa? Nani alikupa? Na kabla hajakupa, alilitazama jicho lako kwa kitu gani? Kwa sababu kama alikutazama tu kwa macho yake ng'ambo ya kaunta, huku akichanja simu, basi hakukutazama.

Mimi sina cheti cha udaktari. Sina cheti cha chochote, chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani. Ninachokwambia nimekijua kwa njia mbaya.

Macho yangu huwasha tangu nikiwa darasa la saba. Kaskazi likianza, joto na vumbi, nafikicha mpaka yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha. Nilipofika kidato cha tatu, muuzaji wa duka la dawa mtaani alinipa kichupa kidogo kwa bei isiyozidi sahani mbili za viazi karai. Siku ya pili macho yakawa meupe pe. Nikadhani nimepata muujiza. Kikiisha nanunua kingine, hakuna anayeniuliza cheti cha daktari wala jina la babangu. Nikajigeuza tabibu wa maskani: ukija na jicho jekundu, mimi nakupa tone.

Mmoja wa niliowapa ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa na miaka 16, na muwasho kama wangu. Kichupa cha kwanza alikitoa mkononi mwangu. Vilivyofuata akawa anajinunulia, karibu mwaka mzima na nusu, mimi hata nimesahau.

Kisha akaanza kugonga vitu. Kikombe kikiwa upande wa kushoto anakiangusha. Mara mbili alikosakosa kugongwa na tuktuk akivuka barabara, na sisi tukamwita mzembe, tukasema ni simu. Mama mdogo ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa daktari wa macho. Mimi nilifuata nyuma kwa sababu ya kubeba mkoba, basi.

Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza maana ya kupimwa macho. Nilidhani ni kusoma zile herufi ukutani halafu unauziwa miwani. Kumbe herufi ni salamu tu. Waliweka kidevu chake kwenye mashine yenye darubini na mwanga mwembamba kama wembe, inayomwonyesha daktari jicho tabaka kwa tabaka. Wakampindua kope la juu, na mle ndani kumejaa vinundu kama changarawe. Hiyo ndiyo mizio yenyewe, ile tuliyokuwa tukiiita vumbi. Wakamtia rangi ya manjano ambayo ikimulikwa kwa taa ya buluu hung'aa kijani pale penye mkwaruzo au kidonda. Wakapima presha ya ndani ya jicho. Mwisho wakamtanua mboni kwa dawa na kutazama nyuma kabisa, pale mshipa wa fahamu unapoanza safari ya kwenda ubongoni.

Presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Jicho lake la kushoto lilisoma 38.

Daktari akaomba kuona kile kichupa. Akasoma maandishi madogo, akakiweka mezani taratibu, akauliza, "Hii mlipewa na nani?" Mama mdogo akanitazama. Sikuwa na pa kuficha uso.

Ndani ya dawa ile mlikuwa na steroidi. Inaweza kuandikwa deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na mara nyingi imechanganywa na antibiotiki ndani ya kichupa kimoja. Steroidi huzima wekundu haraka sana, ndiyo maana sote tunaipenda. Lakini jicho lina maji yake ya ndani, si machozi haya ya nje, ambayo hutengenezwa na kutoka muda wote kupitia kijia chembamba. Kwa baadhi ya watu steroidi huziba kile kijia. Maji yanazidi kutengenezwa, hayana pa kutokea, presha inapanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu. Waganga waliofuatilia jambo hili tangu miaka ya 1960 walikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu presha yake hupanda akitumia matone haya kwa wiki kadhaa, na wachache hupanda vibaya mno.

Na haiumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Jicho linakuwa jeupe, zuri, la kupigia picha, huku ndani linakufa kuanzia pembeni kuja katikati. Hii ndiyo presha ya macho ambayo tumezoea kuisikia ikitajwa kwa wazee. Kilichopotea hakirudi, si kwa miwani, si kwa upasuaji, si kwa dua ya bibi. Matibabu ni ya kulinda kilichobaki.

Sasa mimi nilitumia dawa ileile, tena kwa miaka mingi zaidi. Nilipopimwa siku hiyohiyo nikasoma 19. Mbona yeye na si mimi? Hakuna aliyenipa jibu la kuniridhisha zaidi ya kwamba miili haifanani. Nilicheza kamari bila kujua nacheza, na hela niliyoweka mezani ilikuwa jicho la mwenzangu.

Unakumbuka mwanzoni mwa 2024, ule ugonjwa wa macho mekundu ulipotuingia Mombasa? Dar es Salaam na Zanzibar walikuwa wanaugua vilevile. Matatu nzima watu wamevaa miwani nyeusi kama walinzi wa rais. Ule ulikuwa wa virusi, jamaa wa karibu na ule ulioelezwa mara ya kwanza kule Ghana mwaka wa 1969, wakaupa jina la Apollo kwa sababu ulizuka wakati ule binadamu alipotua mwezini. Ugonjwa wa aina hii kwa kawaida huisha wenyewe kwa wiki moja au mbili. Unaosha tongo kwa maji safi, unanawa mikono, unaacha kushirikiana taulo, unasubiri. Antibiotiki haiui virusi. Lakini sisi tulifanya nini? Wengine walitia chai ya rangi, wengine maziwa ya mama, kuna waliotia mkojo. Na waliojiona wasomi wakakimbilia vichupa. Mimi niliwacheka wale wa chai. Leo sijui kati yetu nani alikuwa mjinga zaidi. Chai angalau haikuuzwa kwa bei ya dawa.

Shida ni kwamba jicho jekundu si ugonjwa, ni kelele ya jicho. Huwa ni mizio. Huwa ni virusi. Huwa ni kidonda kwenye kioo cha jicho baada ya kupigwa na tawi au cheche ya kuchomelea vyuma, na kikiwa kina ukungu ndani yake, steroidi ni kama kukimwagia mbolea. Kuna virusi vya malengelenge vinavyokula kioo cha jicho, navyo steroidi ikitumiwa kiholela huvifungulia mlango. Na kuna uvimbe wa ndani ya jicho ambao, kinyume chake, daktari atakuandikia steroidi hiyohiyo na usipoitumia utapofuka. Hata mtu aliyetolewa mtoto wa jicho hupewa matone haya baada ya upasuaji. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba dawa ni sumu. Nasema tone ni lilelile, na kinachotofautisha tiba na balaa ni kama kuna mtu aliyetazama kwanza, na atakayekupima tena baadaye.

Najua utaniambia nini. Foleni. Nauli. Siku nzima bila kazi, na boda haijilipi. Nakuelewa, mimi si mtoto wa Nyali. Lakini hebu tufanye hesabu ya maskani. Kichupa kimoja kila mwezi kwa miaka minne ni vichupa 48. Ningepimwa mara ngapi kwa pesa hizo? Na mahali pa kwenda pako, ndicho kinachoniuma. Hapohapo Kizingo tunapokula mihogo kuna hospitali ya macho yenye jina la pwani ile ile, Lighthouse for Christ, iliyotibu watu wa Pwani kwa miongo. Coast General ina kitengo cha macho. Ukivuka feri kwenda Kusini kuna kituo cha macho cha Kwale. Miaka yote ile nilitupa macho baharini kila Jumamosi, sikuwahi kuyapeleka hatua chache nyuma yangu.

Hata hivyo sitaki mzigo wote tubebe sisi vijana. Dawa yenye steroidi ni ya kuandikiwa na daktari, na sheria za dawa nchini zinalijua hilo. Bodi ya Dawa na Sumu inapofanya misako tunaona picha za maduka yasiyo na leseni yakifungwa, vizuri. Lakini duka nililonunua mimi lina leseni, imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Tatizo ni kile kinachopita juu ya kaunta. Na kaunti nayo: mtaani kwetu zahanati iko, muuguzi yuko, kifaa cha kupima presha ya mkono kipo. Cha jicho hakuna. Afisa wa kliniki wa macho mwenye taa na kifaa cha presha, hata akija siku mbili kwa wiki, angekuta foleni ya wenye muwasho wa kaskazi tangu alfajiri.

Na wewe mwenye kichupa mfukoni, kitoe sasa usome maandishi madogo. Ukiona moja ya yale majina matatu, na umekuwa ukitumia kwa wiki nyingi, usikitupe baharini kwa hasira halafu ukae. Nenda nacho kwa daktari wa macho, mwambie ukweli wa muda uliotumia, uombe upimwe presha ya jicho na mshipa utazamwe. Kama ni mizio kuna matone mengine ya kuituliza yasiyo na steroidi. Kuna kitambaa cha maji baridi. Na kuna kuacha kufikicha, ambako ni kugumu kuliko kuacha miraa, nakuambia, lakini kufikicha kwa miaka hulegeza kioo cha jicho mpaka kikachomoza kama pia, na hapo miwani ya kawaida haitoshi tena. Lo, na zile lenzi za rangi mnazoazimana wakati wa harusi, hiyo nitaiandikia siku yake.

Yule jamaa wa pilipili alioshwa kwa chupa mbili za maji, baada ya nusu saa akarudi kwenye mihogo.

Ndugu yangu naye alikuwepo. Siku hizi hukaa mwisho kabisa wa ukuta, upande wa kushoto, ili sisi sote tuwe kuliani kwake. Hakuna aliyelipanga. Saa tatu usiku simu yake hulia, anainua uso, anajitia tone moja la dawa ya kushusha presha, anafumba macho dakika mbili, na sisi huwa tunanyamaza. Presha imeshuka hadi 17. Jumatano ana miadi nyingine, na mkoba nitabeba mimi.